Sehemu Korofi

Ukitoka kwenye lami pale Shelui, ukayaacha malori na wauza vitunguu wao, unakamata njia ya vumbi mpaka korongo la Mpura. Ng'ambo ya korongo ndio Usuluma. Hakuna njia nyingine, usijisumbue kuulizia. Anayetaka kuoa Usuluma apite Mpura, anayetaka kuuza alizeti apite Mpura, na anayetaka kutibiwa naye apite Mpura. Kalavati la pale lilijengwa zamani, na mvua za miaka ya karibuni zilikuwa zimelila upande mmoja mpaka mabomba ya zege yakakatika. Katikati palibaki shimo ambalo ng'ombe wa watu aliwahi kutumbukia akavunjika shingo. Pikipiki zilikuwa zinapita pembeni kwa kumwomba Mungu. Gari ndio kabisa, halikuthubutu.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mama mmoja mjane, Evodia Mkumbo, na uenyekiti wenyewe alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Mama yule hakuwa na breki. Aliwahi kumwambia diwani Leonard kwenye mkutano wa hadhara kwamba ahadi zake zinanenepa huku barabara inakonda. Watu walicheka mpaka diwani mwenyewe akacheka, ingawa alicheka kwa meno tu. Kila mtu alijua kwamba Evodia akitaka kusema anasema, awepo nani au asiwepo nani. Naomba ulikumbuke hilo, maana ndilo linaloniuma mimi katika habari hii yote.

Mwaka ule Evodia alikuwa na jambo lake moja lililomnyima usingizi. Binti yake Aneth, mtoto pekee aliyebaki naye duniani, alikuwa na mimba. Mimba ya kwanza ilimpeleka kwenye kisu, na kichanga hakikukaa. Yustina, nesi wa zahanati ya kijiji, hakuwaficha.

"Mama Aneth, huyu ana kovu kwenye kizazi," alisema. "Uchungu ukimkuta hapa, mimi sina la kumfanyia. Wakati wake ukikaribia awe ameshavuka Mpura."

Na wakati wenyewe, ukipiga hesabu, ulikuwa unaangukia kwenye mvua.

Basi Evodia akafunga safari mpaka ofisi za halmashauri. Akamkuta mhandisi wa barabara, kijana mmoja mpole anaitwa Anselm, amezungukwa na ramani. Alisimama kumwamkia, akampa kiti chake mwenyewe. Evodia akamweleza habari za Mpura tangu ng'ombe mpaka mimba.

"Mama, pole sana. Tatizo ni kwamba barabara yenu haimo," Anselm alisema.

"Haimo wapi, na ipo pale inavunja watu?"

"Haimo kwenye mpango. Mwaka jana gari la ukaguzi lilianza safari ya kwenu, likakutana na makorongo ya njiani hata Mpura hatujaiona, dereva akagoma hata kujaribu. Tukageuza. Na kisichokaguliwa hakitengewi kitu."

"Kwa hiyo mbovu kabisa haitengenezwi kwa sababu ni mbovu kabisa?"

Anselm akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Akamweleza kwamba zamani kila diwani alikuwa anasimama barazani analia kuwa barabara ya kata yake ndiyo iliyooza kuliko zote, wanakaribia kushikana mashati. Ndipo baraza likapitisha kipimo kimoja kwa wote, nacho ni gari. Gari la ukaguzi likipita mahali, panaandikwa panapitika. Likifika mahali likashindwa kuvuka, pale panaandikwa sehemu korofi, na sehemu korofi ndizo zinazotengenezwa kwanza, kabla ya mvua.

"Sasa mwanangu, nikiwafikishia gari lenu mpaka Mpura?"

"Lifike Mpura lishindwe, mama, na mimi nitaandika kwa mkono wangu. Hapo hakuna diwani wa kunibishia."

Evodia alirudi nyumbani mwepesi. Kwa mara ya kwanza mtu wa ofisini alikuwa amemwambia kitu kinachoshikika. Afukie makorongo ya njiani, gari lije lisimame Mpura penyewe, lilione lile shimo, basi. Akaitisha msaragambo, kaya zote zitoe mtu na jembe.

Sasa hapa panataka maelezo kidogo. Kiongozi wa vijana kwenye kazi za kijiji alikuwa Philipo, mume wa Aneth, na watu wa kule hawana mchezo na ukwe. Mama mkwe hasemeshani na mkwewe ana kwa ana, hatazamani naye machoni, na wakikutana njiani mmoja atapisha kichakani. Akiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Evodia, mwenye mdomo wa kumkaanga diwani, kwa Philipo alikuwa bubu. Akamtuma Zefania, mzee wa ukoo.

"Kamwambie aliyemuoa binti yangu njia iwe tayari kutoka lami mpaka Mpura. Wageni wanakuja kukagua."

Zefania akaenda akasema vilevile, hakuongeza wala hakupunguza. Tatizo ni kuku. Evodia alikuwa amechinja majogoo wake na kuomba wanawake wenzake wasonge ugali nyumbani kwake, ng'ambo ya korongo, kwa sababu mgeni hafiki Usuluma akaondoka na njaa. Kichwani mwake wageni wangeacha gari Mpura, washuke korongoni kwa miguu, waje wale. Lakini Philipo aliona zile sufuria, akaona vumbi na jua, akawaza bosi wa halmashauri na diwani wanashuka kwenye shimo kama wanaswaga mbuzi ili wafike kwenye chakula cha mama mkwe wake. Aibu gani hiyo! Na mkwe yupo hapahapa, ana mikono miwili!

Kijana alimpenda mama mkwe wake, basi. Angemwonyesha kwa njia gani, na haruhusiwi hata kumwambia asante?

Siku ya ukaguzi Evodia alijifunga kitenge kipya akashuka Mpura kuwasubiri wageni. Alipofika ukingoni akatazama katikati. Shimo halikuwepo. Vijana walikuwa wamelaza magogo ya mninga juu ya mabomba yaliyokatika, wakapanga mawe, wakamwaga udongo wa kichuguu, wakaunyweshea maji na kuushindilia mpaka ukang'aa. Hata pembeni walikuwa wamefagia. Philipo alisimama na wenzake, udongo mpaka magotini, uso ameuinamisha kwa heshima huku tabasamu linamtoroka.

"Jamani," Evodia alisema.

Na gari lilikuwa limeshafika. Jeupe, limejaa vumbi, likasimama upande wa pili. Diwani Leonard akatoa kichwa dirishani akapiga makofi.

"Usuluma! Hivi ndivyo watu wanavyojitegemea!"

Anselm akashuka. Alitazama ile njia iliyoshindiliwa, akamtazama Evodia, na akawa kama mtu anayetafuta kitu alichoambiwa kipo.

"Shikamoo mama. Hapa ndipo?"

"Marahaba. Ndipo."

"Mbona pazuri?"

"Chini pamevunjika, mwanangu."

Anselm akainama kuchungulia. Hakuona kitu, pande zote zilikuwa zimezibwa kwa mawe. Akasimama, akapangusa mikono.

"Mama, mimi nakuamini, lakini siwezi kuandika nisichokiona. Wafukue kidogo tu hapo katikati. Gari likishindwa, tumemaliza."

Vijana wakatazamana. Walikuwa wameanza kazi ile jua halijachomoza, mikono imewachubuka, na leo waambiwe wafukue mbele ya wageni, mbele ya diwani aliyetoka kuwapigia makofi? Zefania akakohoa. Na Philipo, kwa mshtuko, akajisahau. Akainua uso akamtazama mama mkwe wake machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya kutoa mahari. Tabasamu lilikuwa limekufa. Alikuwa kama mtoto aliyeleta zawadi akaambiwa amevunja chombo.

Evodia alijua anachotakiwa kusema. Ni neno moja tu, fukueni, na angelisema kwa mtu mwingine yeyote chini ya jua bila kumeza mate. Lakini kulisema pale ilikuwa ni kumvua nguo mkwewe hadharani, na mama mkwe hamvui nguo mkwe. Akamwona Aneth kichwani mwake. Akamwona pia Philipo aliyesimama pale pale mbele yake, na mtu unayemwona kwa macho ana nguvu kuliko yule wa kichwani. Wageni walikuwa wanangoja.

"Chakula kinapoa, mwanangu," Evodia alisema. "Piteni."

Gari likapita. Halikutikisika hata kidogo. Vijana wakashangilia.

Wakati wa kula alimfuata Anselm pembeni, akamnong'oneza kwamba kile kitu ni miti na kichuguu, mvua ya kwanza inaondoka nacho. Anselm aliweka chini paja la kuku. Alionekana kuumia kweli.

"Mama, gari limepita, na ndani ya gari alikuwepo diwani wako. Nikiandika sehemu korofi atanisimamisha barazani aniulize nilikwama wapi. Nitaandika wastani. Mwakani tutaangalia tena."

"Mwakani," Evodia alisema.

"Mwakani, mama."

Diwani akasimama akawashukuru, akasema Usuluma wamemheshimisha, na kata nyingine waje wajifunze. Kisha wakaondoka na kuku mzima kwenye mfuko, kama ilivyo desturi.

Mpango ulikuwa Aneth aende Shelui kwa shangazi yake Kristina, akae huko mpaka ajifungue. Lakini unakumbuka gari lilivyopita. Philipo kichwa kilikuwa kimevimba, na nani angemlaumu? Halmashauri nzima imepita juu ya kazi ya mikono yake.

"Kuna haraka gani ya kwenda kujibanza kwenye nyumba za watu?" alimwambia mkewe. "Siku ukikaribia nakodi gari linakuja mpaka mlangoni."

Aneth akamletea mama yake maneno hayo anacheka, mkono juu ya tumbo. Evodia akafungua mdomo. Aseme nini? Aseme njia ya mumeo ni takataka? Neno alilolimeza mara moja lilikuwa limekwama palepale, na kadiri siku zilivyopita lilizidi kuwa zito kulitoa.

"Basi Krismasi ikipita tu uende," alisema. "Isizidi hapo."

Mvua haikusubiri Krismasi. Ilikuja kwa hasira, usiku kucha bati zinapiga kelele, na asubuhi habari zikaja kwamba Mpura imebeba magogo yote, imebeba na mabomba yaliyokuwa yamebaki. Siku hiyohiyo, kabla hata watu hawajanywa chai, Aneth akashikwa na uchungu. Mwezi wake ulikuwa bado.

Yustina alimpima, akatoka nje ya nyumba, akapiga simu hospitali. Huko, jamani, hawakuchelewa. Tusije tukamsingizia mtu. Gari la wagonjwa liliondoka mara moja, na ile njia ya vumbi iliyofukiwa kwa msaragambo iligeuka tope lakini ilipitika. Evodia na wanaume wakambeba Aneth kitandani, turubai juu yake, wakashuka naye mpaka ukingoni mwa Mpura. Walipofika, gari nalo lilikuwa linafika upande wa pili.

Kati yao kulikuwa na maji. Maji mekundu, mazito, yanabingirisha mawe unayasikia yanagongana huko chini. Upana wenyewe ulikuwa wa kurushiana jiwe. Nesi wa lile gari alishuka na koti lake la mvua, akasimama, akawapungia mkono. Sasa apunge mkono afanye nini?

Philipo alijifunga kamba kiunoni akaingia. Maji yakampiga chini. Wakamvuta, akatapika tope, akaingia tena. Yakampiga tena. Mara ya tatu Zefania na vijana walimkalia juu ili asiingie.

Evodia alikuwa amekaa kwenye tope, kichwa cha Aneth kiko mapajani mwake. Yustina alikuwa upande wa miguu, na alikuwa ameacha kusema "jikaze". Evodia aliona alivyoacha.

"Mama," Aneth aliita.

"Abee mwanangu."

"Gari si lile pale?"

"Ndilo lile."

"Mbona haliji?"

Evodia, mama asiye na breki, akampangusa mvua usoni. Akaendelea kumpangusa. Yustina ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Mama Aneth, mwache sasa." Mtoto hakutoka kabisa, alikwenda na mama yake. Saa za adhuhuri maji yalipungua, na wale wa gari wakavuka kwa miguu, yamewafika magotini tu. Nesi wao akapiga magoti kwenye tope akalia kama ndugu.

Walimzika Aneth nyuma ya nyumba. Diwani Leonard alikuja msibani akaishia Mpura, akatuma rambirambi yake kwa pikipiki.

Philipo hakulia mbele za watu. Alirudi kwenye nyumba yake, akawa analima, anakula akipewa, hasemi. Evodia naye hakusema. Watu walisema ni desturi ya ukwe. Haikuwa desturi. Kila mmoja wao alikuwa anaogopa kwamba siku mdomo ukifunguka, jambo la kwanza litakalotoka ni Mpura. Philipo aliifukia kwa mapenzi, na mama mkwe akaiacha ifukiwe kwa mapenzi, na sasa mtamlaumu nani? Evodia alijua wa kumlaumu. Kila asubuhi alipoamka alimkuta yuko ndani ya nguo zake.

Mvua zikaisha. Vitunguu vikakomaa, alizeti zikajaa magunia, na watu hawawezi kula msiba mwaka mzima. Vijana wakarudisha magogo Mpura, wakarudisha mawe na kichuguu, maana mazao lazima yafike lami. Pikipiki zikapita, na hata kigari kimoja cha mnunuzi kikapita. Kisha ikaja taarifa kwamba halmashauri inakuja kukagua, na Zefania akafika kwa Evodia kuuliza ni kuku wangapi.

"Hakuna kuku," Evodia alisema.

"Mwenyekiti, wageni waondoke na njaa?"

"Waondoke nayo."

Asubuhi ya ukaguzi alichukua jembe, akashuka Mpura peke yake, akaanza kufukua. Udongo ulikuwa umeshindiliwa sawasawa, mkono wa kijana hodari, na yeye si binti tena. Watu wakaanza kujaa ukingoni. Wakamwita. Wengine wakamwambia mwenyekiti unatuaibisha, wengine wakasema msiba umempanda kichwani, mkamateni. Evodia hakuinua uso. Alikuwa ameshafika kwenye magogo na gogo la kwanza lilikuwa linamshinda, linainuka kidogo linarudi.

Ndipo watu wakageuza vichwa wote kwa pamoja. Philipo alikuwa anashuka. Evodia aliona miguu yake, na kwa mazoea ya miaka yote akageuza uso apishe. Lakini mtu ukiwa ndani ya shimo unapisha wapi? Philipo akaingia shimoni, akasimama bega kwa bega na mama mkwe wake, kitu ambacho Usuluma haijawahi kukiona. Akainama akalishika lile gogo upande wa pili.

"Mama," alisema, kwa sauti iliyokuwa imeota kutu. "Tuinue."

Wakainua. Likaporomoka korongoni. Wakashika la pili. Walikuwa wanalia wote wawili na hakuna aliyejificha.

Gari lilipofika, jeupe, lenye vumbi lake, lilisimama ukingoni. Halikuwa na pa kwenda. Diwani Leonard akashuka anafoka, nani amebomoa barabara ya serikali, nani atajibu hili. Anselm akaja mpaka kwenye ukingo wa shimo, akachungulia chini. Aliona mabaki ya zege yaliyokatika, akaona pango lililochimbwa na maji, na ndani yake akaona mama mzee na kijana waliopakaa udongo. Habari za Aneth hakuwa amezipata, maana gari lake halikagui misiba.

"Shikamoo mama," alisema polepole. "Mbona hivi? Mwaka jana hapa si tulipita?"

Evodia akaegemea jembe, akainua uso kumtazama.

"Marahaba," alisema. "Mlipita ninyi."